Sababu: Mzuka

Sehemu ya kumi na moja

"Hatufai."

Neno hilo moja ndilo tulilomwacha nalo Fundi wiki iliyopita. Lilikuwa limekaa katikati ya skrini kama nzi kwenye kikombe cha maziwa, na yeye hajui alitoe vipi.

Kwa aliyejiunga nasi leo, tusogee kidogo naye apate pa kukaa. Fundi ni binti anayetengeneza vyerehani vilivyoharibika, katika duka lenye chumba kimoja mbele na kingine nyuma. Humo nyuma kuna kompyuta kuukuu inayoendesha Kibaraza, mahali ambapo watu mia mbili na ushee hukutana kwa maandishi, kila mtu na jina lake, kila kikundi na chumba chake. Alikijenga mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kukosea mara nyingi. Humo ndani huitwa Bawabu, maana ndiye mwenye ufunguo.

Siku hiyo ukoo wa mchumba wake ulikuwa umekutana katika chumba kimoja cha Kibaraza kuamua kama Fundi anafaa kuolewa na kijana wao, Mpimaji, ambaye kazi yake ni kupima viwanja. Mpimaji hakutakiwa kuwepo. Fundi aliruhusiwa kukaa mlangoni, asome, asiseme.

Kila mtu alimsubiri Shangazi. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu, na bila neno lake hakuna aliyewahi kuoa katika ukoo ule. Akaandika, taratibu kama kawaida yake: "Mimi kama shangazi yake nasema kwamba huyu binti". Kisha kimya.

Dakika mbili baadaye Fundi akaandikiwa faraghani na mtu aliyejiita Shangazi2. Alisema mtandao umemkatikia, jina lake limebaki chumbani, anaomba arudishiwe.

Jambo hilo hutokea kila siku. Mtu akikatikiwa ghafla, jina lake hubaki ndani kwa muda, halisemi wala halisikii. Wenyeji wa Kibaraza huliita mzuka. Dawa yake ni amri ya TOA: Bawabu anaandika TOA, jina, na sababu, anabonyeza, na jina hilo linakatwa kutoka Kibaraza kizima. Mwenyewe anarudi na kulichukua.

Fundi hakukurupuka. Alikagua anwani ya mtandao ya yule aliyeomba, akaikuta ni ileile ya nyumbani kwa Shangazi. Akaandika: TOA Shangazi mzuka. Akabonyeza.

Shangazi akarudi chumbani, akamalizia sentensi yake.

"Hatufai."

* * *

"Wamesemaje?" mama yake aliuliza kutoka chumba cha mbele. Alikuwa anapinda upindo wa gauni la mteja, na pini mdomoni kama desturi yake. Mama huyu akiwa hataki mazungumzo hujaza pini mdomoni. Akitaka, huzitoa.

"Shangazi amesema sifai."

Mama akazitoa zote.

"Basi. Si wamesema? Zima hiyo mashine, tufunge duka twende zetu."

"Mama! Hata hujauliza kwa nini?"

"Niulize ya nini? Mtu akikuambia hakutaki, unamwomba risiti?"

Macho ya Fundi yalikuwa kwenye skrini, ambako Kaka Mkubwa, kaka yake Mpimaji na mwenyekiti wa kikao, alikuwa anaandika haraka haraka.

"Kaka Mkubwa: Shangazi, hafai kivipi? Jana si ulimsifia?"

"Shangazi: Nimesema."

Hapo kompyuta ikalia. Ti.

Hiyo ni kengele ndogo ambayo Fundi aliifunga yeye mwenyewe, ilie kila mtu anapobisha hodi Kibarazani akakataliwa. Akafungua dirisha la mlango na kusoma: "Shangazi anaomba kuingia. Amekataliwa. Jina linatumika."

Akakunja uso. Shangazi yumo ndani. Sasa huyu wa nje ni nani?

Ti. Tena: "Shangazi anaomba kuingia. Amekataliwa. Jina linatumika."

Mzuka haubishi hodi. Anayebisha hodi ni mtu, yuko hai, ana vidole, na pengine ana hasira.

"Mama," alisema polepole. "Nimemtoa Shangazi."

"Umemtoa wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi, mwanangu, na yeye yuko kwake?"

"Kibarazani, mama! Nimemtupa nje katikati ya sentensi. Aliyemo humu ndani ni mtu mwingine amechukua jina lake. Na kwenye sababu nimeandika mzuka."

Mama aliweka gauni chini.

"Na hiyo sababu yeye anaiona?"

"Inamjaa skrini nzima. Umetolewa na Bawabu, sababu, mzuka."

Mama akacheka mpaka akashika meza ya cherehani. "Shangazi wa mchumba wako! Mwalimu mkuu! Umemwambia ni mzuka!"

"Mama, si ya kucheka."

"Sicheki," alisema mama, akijifuta machozi.

Ti.

Unaweza kujiuliza, msomaji, kwa nini Shangazi hakuingia kwa jina lingine. Kibaraza chenyewe humshauri mtu hivyo kwa adabu: "Jina linatumika, tafadhali chagua lingine." Lakini huyu ni mama aliyetia sahihi ripoti za wanafunzi kwa miaka thelathini. Jina lake ni lake. Aliliandika tena, na tena, na tena, na kila mara akafungiwa mlango.

Fundi alichukua simu akampigia Mpimaji. Shangazi mwenyewe hakuwa wa kupigiwa. Kwenye vikao simu yake huzimwa na kufungiwa kwenye droo, kama alivyokuwa akizifanyia simu za wanafunzi.

Mpimaji alipokea kwa sauti ya chini sana.

"Fundi wangu. Vipi huko?"

"Mambo yameharibika. Mbona unanong'ona?"

"Niko porini. Kuna... tunapima mpaka. Watu wanagombana hapa, sitaki wanisikie."

Nyuma ya sauti yake kitu kililia. Ding. Ding. Ding. Ding.

"Kengele gani hiyo?"

"Mbuzi," alisema Mpimaji haraka. "Kuna mbuzi hapa amefungwa kengele. Wamesemaje wazee?"

"Kuna mtu amejifanya Shangazi, amesema sifai. Na mimi ndiye niliyemfungulia njia."

Mpimaji akashusha sauti zaidi.

"Labda," alisema, "tuliache kama lilivyo. Likipoa tutaona."

"Lipoe? Wewe unataka lipoe?"

"Nakusikia kwa kukatika, Fundi. Huyu mbuzi..."

Simu ikakatika.

* * *

Sasa tumtazame Fundi alivyokaa. Mbele yake kuna kompyuta, kando yake kopo la bobini, na ukutani karatasi aliyoibandika siku ya kwanza ya Kibaraza. Karatasi hiyo ina kanuni tatu. Kila anayetolewa lazima aandikiwe sababu. Kila kutolewa, kama kila mstari na kila anayeingia au kutoka, kuandikwe kwenye Daftari, na Daftari liwe wazi kwa kila mtu. Na Bawabu asitumie ufunguo katika jambo linalomhusu yeye mwenyewe, isipokuwa waliomo chumbani wamempa ruhusa.

Njia fupi ilikuwepo, tena nyeupe. Angeweza kumtoa yule mwongo kimyakimya na kuufuta mstari wa mzuka kwenye Daftari, Shangazi akaingia, kisha akasingizia hitilafu ya mitambo. Anayeweza kufuta Daftari ni mmoja tu duniani, naye ndiye aliyekuwa amekaa kwenye kiti kile.

Tusijifanye malaika. Kishale cha kompyuta kilienda mpaka juu ya mstari ule, kikasimama hapo kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai.

"Wewe acha kama yalivyo," mama alisema kutoka mbele. "Ukifungua mdomo watasema umemtoa makusudi. Utaitwa binti anayewafunga wakwe midomo."

"Nikikaa kimya je?"

"Utaitwa binti aliyekataliwa. Wako wengi, wanaishi, wananenepa."

Ti, ilisema kompyuta.

Fundi aliondoa kishale. Akaingia chumbani walimokuwa wakwe, akaandika.

"Bawabu: Kaka, naomba kusema."

"Kaka Mkubwa: Shemeji, tulikubaliana usiseme."

"Bawabu: Nimefanya kosa na limeandikwa Daftarini. Naomba mlifungue wote mlisome."

Kikapita kimya cha watu ishirini na wawili wanaosoma mstari mmoja. Kisha chumba kikalipuka.

"Kaka Mkubwa: Umemtoa Shangazi WAKATI ANAKUZUNGUMZIA WEWE?"

Wengine wakafuata, binamu, wajomba, hata mtu ambaye hajawahi kuandika lolote tangu Kibaraza kianze. Na katikati ya moto huo yule mwenye jina la Shangazi akatia kuni.

"Shangazi: Mnaona? Ana mkono mwepesi wa kufukuza watu. Ndiyo maana nikasema hatufai."

Fundi akavuta kibodi karibu.

"Bawabu: Huyo aliyeandika sasa hivi si Shangazi. Shangazi wa kweli yuko nje ya mlango. Amebisha hodi mara tisa."

"Kaka Mkubwa: Dada, hilo ni neno zito. Ngoja nimuulize mwenyewe. Shangazi, nilipokuwa darasa la pili niliiba nini ofisini kwako?"

Jibu lilitua papo hapo.

"Shangazi: Chaki za rangi. Sanduku zima. Mbili ukazila."

Chumba kikaangua kicheko. Mtu akauliza kama alizila za bluu au nyekundu.

"Kaka Mkubwa: Ni Shangazi huyu. Hilo halijui mtu nje ya ukoo. Shemeji, umejitia matatani bure."

Mama, aliyekuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti cha binti yake, aliguna. "Nilikuambia."

Fundi hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja, kama afanyavyo pale mteja anapomletea cherehani na kusema kinaruka mshono. Yeye hakifungui kwanza. Hukanyaga pedali akasikiliza, maana kila mashine ina mwendo wake.

Akafungua Daftari, akatazama saa zilizoandikwa kando ya kila mstari.

"Bawabu: Kaka, tazama saa. Swali lako na jibu lake vimepishana sekunde saba."

"Kaka Mkubwa: Kwa hiyo?"

"Bawabu: Tangu Shangazi aingie Kibarazani miezi minane iliyopita, mstari wake mfupi kuliko wote ulikuwa 'Sawa.' Ulichukua dakika moja na sekunde tano."

Fundi akafungua dirisha la mlango, akahesabu.

"Bawabu: Na huyo anayebisha hodi nje anabisha kila baada ya dakika moja na robo. Haharakishi, hachelewi. Ni muda wa mtu kuandika jina lenye herufi nane kwa kidole kimoja, akalisoma kama hakukosea, ndipo akabonyeza."

Watu wakafungua Daftari. Kisha:

"Kaka Mkubwa: Jamani. Mwaka jana Shangazi alianza kuniandikia heri ya siku ya kuzaliwa. Nikaenda kuoga, nikapiga pasi shati, nikarudi, ndiyo alikuwa anafika kwenye 'kuzaliwa'."

Kikazuka kicheko kingine, lakini hiki kilikuwa upande wa Fundi. Mmoja akasema kweli. Mwingine akasema kweli kabisa, na tena Shangazi hajawahi kutaja jambo lolote bila kulitolea funzo, sasa chaki zote zile na funzo hakuna?

"Kaka Mkubwa: Sisi tuliomo tunatoa ruhusa. Bawabu, mtoe huyo mwongo."

Jina la mwongo lilikuwa limetulia, haliandiki kitu. Fundi akanyoosha vidole. TOA Shangazi. Sababu? Hakutafuta neno tamu. Akaandika mwongo, akabonyeza kwa nguvu zote za mtu aliyeonewa.

Daftari likaandika mistari mitatu, yote ndani ya sekunde moja.

"Shangazi ameondoka mwenyewe."

"Shangazi ameingia."

"Shangazi ametolewa na Bawabu. Sababu: mwongo."

Fundi akaisoma. Akairudia. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Nini tena?" mama aliuliza.

"Nimemtoa."

"Nani?"

"Shangazi."

"Yupi?"

"Wa kweli."

"Tena?"

"Tena."

Mambo yalikuwa hivi. Yule mwongo alisoma kila kitu, akaona maji yamemfika shingoni, akatoka mbio kwa miguu yake. Jina likawa wazi. Wakati huohuo Shangazi, kwa subira yake ya kidole kimoja, alikuwa anabonyeza hodi yake ya kumi na mbili, na mlango ukamfungukia. Akaweka mguu ndani, na amri ikamkuta hapohapo.

Maana amri ya TOA haimtazami mtu usoni. Inatafuta jina, na yeyote aliyelivaa sekunde hiyo ndiye anayeondoka nalo. Ndiyo sababu kila muunganisho ndani ya Kibaraza una namba yake, na Bawabu mwangalifu hutoa kwa namba, hatoi kwa jina. Maelekezo hayo yapo, tena kwa herufi nene. Aliyeyaandika ni Fundi.

"Kaka Mkubwa: Shemeji, sasa hata mimi sijui nikuteteeje."

Walisubiri hodi. Ikapita dakika moja na robo, kengele haikulia. Zikapita tatu. Mama alirudi taratibu kwenye gauni lake. Fundi alichukua bobini moja akaanza kuifungua uzi na kuukunja upya, bila sababu yoyote, ili mikono tu iwe na kazi.

Dakika ya sita mstari mpya ukatokea chumbani.

"Mzuka_Mwongo ameingia."

Watu ishirini na wawili walitazama skrini tupu. Baada ya muda wa kutosha kukaanga yai:

"Mzuka_Mwongo: Hamjambo wote."

Wakaitikia kwa pamoja, kama darasa. Wakasubiri.

"Mzuka_Mwongo: Leo nimekuwa mzuka, kisha nimekuwa mwongo, na chai sijanywa."

Wakasubiri.

"Mzuka_Mwongo: Saa yangu ya ukutani ilipiga mara nne nikiwa nimesimama nje ya mlango wenu kama mwanafunzi mchelewaji."

Fundi aliandika.

"Bawabu: Shikamoo Shangazi. Niliyebonyeza ni mimi, mara zote mbili. Ya kwanza nilidanganywa na mtu mwenye anwani ya mtandao ya nyumbani kwako. Ya pili nilikuwa na hasira na sikufuata maelekezo yangu mwenyewe. Nisamehe."

Dakika moja. Dakika mbili. Uzi wa bobini ulikuwa umemzunguka Fundi vidole vyote.

"Mzuka_Mwongo: Marahaba. Nimesoma Daftari. Hukufuta."

"Mzuka_Mwongo: Miaka thelathini nilitafuta mwalimu wa zamu ambaye akikosea ataliandika kosa lake kwenye kitabu cha zamu. Sikumpata."

"Mzuka_Mwongo: Sentensi yangu naianza upya. Asinikatize mtu."

Hata kengele ya kompyuta ilikuwa kama imeshika pumzi.

"Mzuka_Mwongo: Mimi kama shangazi yake nasema kwamba huyu binti anatufaa."

"Mzuka_Mwongo: Tujiulize kama sisi tunamfaa yeye."

Sitaeleza vigelegele vilivyoandikwa chumbani humo, maana gazeti hili lina kurasa chache. Kaka Mkubwa peke yake alijaza nusu skrini. Fundi alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akamkimbilia mama yake akamkumbatia na uzi mikononi.

"Amekubali, mama! Amekubali!"

"Nimesikia," alisema mama, akimpapasa mgongo. "Angalia pini, mwanangu. Nina pini."

Na Fundi akarudi kwenye kiti chake, asione uso wa mama yake ulivyokuwa.

* * *

Shangazi hakuwa amemaliza.

"Mzuka_Mwongo: Sasa. Bawabu alisema anwani ya aliyeniibia jina ni ya nyumbani kwangu?"

"Bawabu: Ndiyo Shangazi. Ndiyo maana nilimwamini."

"Kaka Mkubwa: Isije ikawa ni mzee wako!"

"Mzuka_Mwongo: Mume wangu amelala kwenye kochi amekumbatia rimoti. Ngojeni nikatazame vyumba."

Wakangoja. Watu wakataniana. Mmoja akasema ni paka. Lakini Fundi alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ameinamisha tena kichwa upande, anasikiliza kitu ambacho hakikuwa kwenye skrini.

Saa ya ukutani imepiga mara nne.

Ding, ding, ding, ding. Halafu kimya. Mbuzi gani anapiga kengele mara nne kamili, saa kumi kamili, akanyamaza?

Na ni nani, nje ya Kibaraza, aliyejua habari ya mizuka na namna jina linavyorudishwa? Alimfundisha mtu mmoja. Mtu huyo alikaa hapa hapa kwenye benchi la wateja siku ya mvua, akauliza maswali mengi, na Fundi akafurahi kuulizwa.

"Hapana," alisema kwa sauti.

"Mzuka_Mwongo: Nimerudi."

"Mzuka_Mwongo: Asubuhi kijana alikuja kuniamkia. Nikamsindikiza mpaka getini. Kumbe alirudi kwa mlango wa jikoni."

"Mzuka_Mwongo: Nimemkuta stoo, juu ya sanduku la vitabu, na kishikwambi magotini."

"Mzuka_Mwongo: Ni bwana harusi."

Bobini ilianguka, ikabingirika mpaka ukutani, na katika duka lile ikasikika kama pipa.

"Mzuka_Mwongo: Binti. Hiyo amri yako inaweza kumtoa mtu stoo?"

Hakuna aliyecheka. Mstari mwingine ulikuwa umeshatokea.

"Mpimaji ameingia."

"Mpimaji: Fundi, usinitoe. Nipe mistari miwili."

Vidole vya Fundi vilikuwa vimetangulia. TOA ilishaandikwa, na safari hii si kwa jina. Aliandika namba ya muunganisho, tarakimu kwa tarakimu, ili asikosee mtu. Kilichobaki ni sababu. Kishale kilimsubiri pale, kinawaka, kinazimika.

"Kaka Mkubwa: Ruhusa umepewa, shemeji. Mtoe mdogo wangu huyu, na mimi nitamtoa kwa njia nyingine nikimkamata."

Fundi aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye kibodi. Akaiweka mapajani. Akairudisha, akafuta alichoandika.

"Bawabu: Miwili."

"Mpimaji: Nilikukataa kwa jina la Shangazi kwa sababu kwa jina langu nisingeweza, nakupenda mno."

Fundi aliusoma. Machozi yalimjia, akayazuia. Ulibaki mstari mmoja, na Mpimaji alikuwa anauandika, anaufuta, anauandika.

"Mpimaji: Jumatatu nililetewa barua ya mkono inayoniomba nikuache bila kukueleza, kwa ajili ya jambo la zamani kati ya nyumba yenu na yetu, aliyeiandika anakaa na wewe humo dukani, muulize mama yako."

Fundi aligeuka polepole kwenye kiti.

Mama alikuwa palepale, chumba cha mbele, gauni la mteja magotini. Hakuwa anashona. Alikuwa ameshika kopo la pini, na moja baada ya nyingine, bila haraka, alikuwa anazitia mdomoni.